Sukari Isiyojua Kuchagua

Jumatatu, 24 Machi 2025

Kikao cha asubuhi. Prudence amepigiwa makofi. Tena.

Niandike sababu, ili siku mtu akilisoma daftari hili ajue nani alionewa. Maabara yetu ya chuo ipo Buhare, pembeni mwa Musoma. Kazi yetu ni kutengeneza sukari. Si ya chai. Kijidudu cha malaria kikiingia kwa mama mjamzito kinajificha kwenye kondo la nyuma, kwa sababu pale pana mnyororo wa sukari wenye salfa pembeni, kama tawi lenye miiba. Kijidudu kina protini yake, na hiyo ndiyo mkono. Mkono unashika mwiba, unang'ang'ania, mtoto anakosa chakula tumboni. Swali ni moja tu: unashika mwiba upi? Ukijua, unaweza kutafuta kitu cha kuufumbua mkono huo.

Prudence anaujenga mnyororo huo ndani ya vyupa, pingili kwa pingili, na kila mwiba anauweka anapotaka yeye. Hatua thelathini na moja. Miezi kumi na minne. Leo ameonyesha alichopata: unga mweupe, miligramu sita. Ukipiga chafya umekwisha. Anauita Namba Kumi na Nne. Ana miaka ishirini na tisa, amesomea nje, na ananiita Kaka Boniphace kwa heshima inayoniuma.

Mimi ni fundi wa maabara hii mwaka wa kumi na sita. Jina langu halijawahi kutokea kwenye makala. Hata moja. Dokta Adventina, mkuu wetu, amesema safari hii wataandikwa wale walioleta wazo. Halafu akanigeukia. Moyo ukaruka. Akanikumbusha kwamba kesho kondo la Eufrasia lirudishwe kwao Butiama.

Eufrasia alijifungulia kliniki moja ya Bunda mwezi uliopita. Aliridhia tulitumie, kwa sharti lililoandikwa kwenye fomu: tukimaliza, lirudi nyumbani lizikwe. Mimi ndiye niliyekwenda kulichukua na boksi la barafu. Mimi ndiye wa kulirudisha. Mbeba kondo. Miaka kumi na sita, hicho ndicho cheo.

Jumanne, 25 Machi

Nimepata wazo. Limenijia nikiosha vyupa vya Prudence.

Stoo kuna kopo la mnyororo wa aina ile ile, uliotolewa kwenye gegedu la ng'ombe. Unanunuliwa tayari. Hakuna anayelitazama kopo hilo kwa sababu miiba yake imekaa ovyo, mingine ipo, mingine haipo. Sasa Prudence anapanda mwiba mmoja mmoja kama mwanamke wa mjini anayepanda mchicha kwenye ndoo. Mimi nitapanda shamba zima. Kila palipo na nafasi, salfa. Kama mkono wa kijidudu unapenda mwiba mmoja, ukionyeshwa elfu si utaliacha kondo uje kwangu? Hatua moja. Siku chache.

Nitaiita B-1. B ni ya Boniphace.

Tatizo dogo. Kuthibitisha nahitaji vipande vyembamba vya kondo halisi chini ya hadubini, na lililobaki kwenye friza ni moja tu. La Eufrasia. Lile la kurudishwa leo.

Nilifikiri kama mtu mzima. Limekaa wiki tano. Wiki moja zaidi haitaliudhi. Nikajaza fomu: limerudishwa, 25/3, Butiama. Sahihi yangu. Mahali pa ndugu aliyepokea nikaweka dole gumba. Langu, la kushoto.

Mchana Dokta aliuliza kama walipokea vizuri. Nikasema kuna bibi mmoja alilia kwa furaha. Sijui kwa nini nilimwongeza bibi.

Jumatano, 26 Machi

Prudence kaenda Mwanza kufuata vifaa, harudi mpaka wiki ijayo. Nimeanza.

Sukari ya gegedu, dawa ya salfa, chupa kwenye bafu la mafuta, nyuzi hamsini na tano. Dawa ile huja imefungamana na kitu kinachonuka samaki. Sisemi sato wa kukaanga. Nasema furu wa siku nne, juani. Prudence akiitumia huvaa glavu mbili na kukishusha kioo cha kabati la hewa mpaka chini. Mimi kioo kilinikwamia katikati. Nikakiacha.

Jioni Naomi, mke wangu, alinishika mlangoni akanusa shati. Akauliza tangu lini maabara imehamia mwaloni, kwa wavuvi. Nikamweleza habari za salfa, kwa kina. Akasema salfa anaijua, baba yake alikuwa akiipulizia mazao, haijawahi kunuka hivi. Akauliza huyo mama wa samaki anaitwa nani.

Paka watatu walinifuata kutoka barabarani. Hawakulia. Wamekaa uani, mkia umezungushwa miguuni, wananitazama nikiandika.

Alhamisi, 27 Machi

Korongo mmoja juu ya paa la maabara. Wale wakubwa wenye upara. Huku hawajagi; kwao ni mwaloni, kwenye utumbo wa sangara. Huyu hakuwa anatafuta kitu. Kila nikitoka, ananigeuzia jicho moja.

B-1 imekuwa nzito kama asali. Sijui kama inatakiwa iwe hivyo. Kwenye kumbukumbu nimeandika: vizuri sana.

Ijumaa, 28 Machi

Korongo wanne. Na bibi.

Kasmiri, mlinzi wa getini, alikuja kuniambia kuna mgeni wangu. Nje, juu ya jiwe, alikaa bibi mwembamba mwenye kitenge cha bluu kilichopauka, miguu imejaa vumbi, amepakata chungu kipya, kitupu. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba bila kunitazama usoni. Alikuwa anatazama mikono yangu. Akasema anaitwa Rhobi, ni bibi yake Eufrasia, ametoka Butiama, amefuata kitu cha mtoto.

Bibi niliyemwambia Dokta nilimbuni mwenyewe. Nilimpa hata machozi.

Nikamweleza kwa sauti ya ofisi kwamba kitu hicho kilirudishwa Jumanne, fomu ipo, imejazwa, na ndugu ametia dole. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema polepole, Kiswahili chake kikitembea juu ya lugha ya kwao:

"Sawa, baba. Basi nitakaa hapa nikingoja kifike."

Akakaa. Hakuomba maji. Saa sita jua lilimfikia pale jiweni, hakuhama. Nilimpitia mara tano nikijifanya natafuta mtandao wa simu. Mara ya mwisho nilihesabu korongo: sita. Wote wamegeukia upande wake. Au upande wangu. Tulikuwa karibu karibu.

Saa kumi na moja aliinuka mwenyewe akaondoka. Kasmiri anasema amefikia kwa ndugu zake hapa hapa Buhare. Anasema pia kesho atarudi. Sikuuliza kesho mpaka lini.

Nimeitia B-1 kwenye mfuko wa kuoshea, izunguke ndani ya maji usiku kucha. Dokta anapitia lango la nyuma, ashukuriwe Mungu.

Jumamosi, 29 Machi

Mwezi umekwisha na vijidudu vya ziwani, vile virukavyo kama mbu, vimepanda. Asubuhi vilikuwa nguzo nyeusi juu ya maji, kama moshi wa mji unaoungua mbali. Kabla ya saa nne upepo uliziinamisha nguzo zile zikaja nchi kavu. Watu walifunga madirisha. Mimi nilisahau tundu la feni. Viliingia kimya, vingi kama unga, vikatua juu ya kila chenye unyevu. Vilitua ndani ya B-1. Nimevichuja vyote. Karibu vyote.

Nimeiweka kwenye mashine ya kukaushia. Nje, bibi alikaa jiweni vijidudu vikimwangukia kichwani na mabegani mpaka kitenge kikawa cheusi. Hakuvipangusa. Ndani ya chungu chake havikuingia. Nilikwenda makusudi kuchungulia. Chungu kilikuwa kisafi kabisa.

Nilimwambia aingie kwenye kibanda cha mlinzi. Akaniuliza kama mkono wangu unauma. Nikasema hauumi. Akasema, haya.

Jumapili, 30 Machi

Baada ya misa nilipitia maabara. B-1 ipo tayari! Unga mweupe, mwepesi kama pamba iliyotoka kuchambuliwa. Gramu mbili na nusu. Miligramu sita za Prudence zingepotea humu ndani na kuomba msaada.

Jambo moja. Nilipokiinua kichupa, unga ulipanda ukaganda kwenye ukuta wa kioo, upande uliokuwa na kidole changu. Nikahamisha kidole. Unga ukahama. Ni umeme wa msuguano, najua, nimewafundisha wanafunzi hilo. Nilikihamisha kidole mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Chuo kimefungwa. Jengo lote ni langu. Kasmiri alinifungulia geti, akalifunga nyuma yangu kwa kufuli, akaenda kukaa dukani ng'ambo ya barabara. Jiweni hapakuwa na mtu. Nilishukuru kwa sauti.

Nilitoa kondo la Eufrasia kwenye friza. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyokumbuka. Nikalikata kwa mashine, vipande vyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, nikavibandika kwenye vioo vitatu. Juu ya kimoja nikadondosha ile protini ya kijidudu, iliyotiwa rangi inayong'aa. Nikazima taa, nikafunga mapazia, nikainamia hadubini.

Nimeona mengi humo kwa miaka kumi na sita. Lakini hili. Kijani kila ukingo, kila kishimo, kama mipaka ya mashamba baada ya mvua ya kwanza. Maelfu ya mikono, yote imeshika, yote imetulia. Nilidondosha tone moja la B-1.

Nilihesabu mpaka ishirini na sita. Kijani kikaachia. Hakikufifia. Kiliachia, chote kwa wakati mmoja, kikainuka kikaelea, kama kundi la watu waliosikia kitu kwa mbali. Kondo likabaki jeusi, halina kitu.

Nilicheka peke yangu. Juu ya bati kukasikika miguu, mizito, ya taratibu, kutoka upande wa lango mpaka juu ya kichwa changu. Ikasimama. Nikageuka kutafuta swichi ya taa.

Bibi Rhobi alikuwa amekaa kwenye kiti cha Prudence. Chungu mapajani.

"Umelitazama vya kutosha," alisema. "Sasa lirudishe."

Kichupa kilinitoka mkononi kikapasuka. Niliinama kuuokoa unga, kioo kikanikata kidole cha shahada. Nilipoinuka, kiti kilikuwa kitupu na mlango uko wazi. Nilikimbia mpaka getini. Kufuli lilikuwa mahali pake. Kasmiri akavuka barabara akaapa kwamba hakuna aliyepita. Halafu akakumbuka kuna tundu kwenye uzio, kule kwenye michongoma, mbuzi hupita. Labda bibi naye. Tulirudi ndani wote wawili. Hapakuwa na mtu. Nilikigusa kiti. Kilikuwa cha moto. Au mkono wangu ulikuwa wa baridi.

Nimekusanya nusu gramu ya B-1 kutoka sakafuni. Inatosha. Matokeo ni matokeo.

Jumanne, 1 Aprili

Kidole hakiachi kutoka damu. Kidonda chenyewe hakifiki urefu wa punje ya mchele. Nimemaliza vitambaa vitatu. Naomi alikinga matone kwenye kisosi akakiweka mezani, akaendelea kusonga ugali. Tulipomaliza kula, damu ilikuwa bado inateleza kama maji. Alikiinamisha kisosi huku na huku. Akasema damu ya kuku inaganda kabla hujamaliza kunyonyoa.

Akaacha habari za mama wa samaki. Alinitazama vizuri, kwa mara ya kwanza wiki hii, akaniambia kama kuna mtu nimemdhulumu niende nikamwambie, kabla hakijawa kitu kingine. Nikasema hakuna mtu kama huyo. Paka sasa ni tisa.

Nimeandaa hotuba ya kesho kwa mkono wa kushoto.

Jumatano, 2 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Saa tatu nilisimama mbele ya kikao. Nikaonyesha picha: kabla ya B-1, kijani, baada ya B-1, giza. Nikasema hatua moja. Nikasema siku tano. Dokta Adventina alivua miwani, na Dokta havuagi miwani ovyo. Prudence, amerudi kutoka Mwanza, aliinamia picha mpaka pua ikakaribia ukuta. Nilikuwa na utukufu kwa dakika kama nne.

Halafu Prudence akauliza, kwa adabu, kama nimeijaribu na protini nyingine. Yoyote isiyohusika na malaria. Nikasema sikuona haja. Akaomba ajaribu yeye, hapo hapo. Alichukua protini ya ute wa yai. B-1 ikaishika. Akachukua nyingine ya maziwa, akaiandaa anavyojua yeye. Ikaishika. Alijaribu tano. Zote zilishikwa, na nyingine zilishikwa kuliko ile ya malaria. Kwenye mashine mistari ikawa inapanda, inapanda, mitano kama vidole.

"Kaka Boniphace," alisema, "hii haijui kuchagua. Inashika kila kinachopita."

Nikajibu kwamba dawa kali ndiyo dawa. Hapo akakiona kidole changu. Akauliza kama niliushika unga. Nikakiingiza mfukoni. Akajitoa damu yake mwenyewe mkononi, akaigawa kwenye vichupa viwili, na kimoja akatia chembe ya B-1, ndogo kama jicho la sisimizi. Tukangoja chumba kizima. Dakika kumi. Akakipindua kisicho na kitu: damu imeganda, imekaa chini kama jamu. Akakipindua cha B-1: ikamwagika.

"Hii ukimpa mama anayejifungua," alisema, "atavuja mpaka aishe."

Hakuna aliyeniangalia. Prudence alinivuta mpaka kwenye sinki, akakiosha kidole changu kwa maji ya chumvi kwa dakika ishirini, akakibana na kukifunga vizuri kabisa. Damu ikasimama. Akiwa anafunga aliniambia hao ndege na paka wanafuata harufu ya ile dawa ya salfa, nguo zangu zote zichomwe. Wema wake ulinichoma kuliko kioo. Na habari ya kiti hakuwa na maelezo, kwa sababu sikumuuliza.

Dokta akauliza vile vipande vilitoka kwenye kondo la nani.

Nikasema akiba. Akauliza akiba ipi. Akafungua friza mwenyewe. Akaleta fomu. Aliliangalia lile dole gumba kwa muda mrefu, kisha akakiangalia kidole gumba changu cha kushoto, ambacho nilikuwa nimekikunja.

"Boniphace. Yule bibi aliyelia kwa furaha ni yupi?"

Kabla sijafungua mdomo Kasmiri aligonga mlango, akaomba radhi, akasema yule bibi wa jiweni anauliza kama leo atapewa.

Alhamisi, 3 Aprili

Butiama.

Dokta aliendesha mwenyewe. Bibi Rhobi mbele. Mimi nyuma na boksi la barafu mapajani, na ndani yake kila kilichobaki, pamoja na kioo kile cha kwenye hadubini ambacho Dokta alikifunga kwa karatasi kwa mikono yake. Kutoka Buhare mpaka kwao bibi hakugeuka nyuma hata mara moja. Ila kila tulipopita kwenye shimo la barabara aliinua mkono kidogo, kama mtu anayemwambia mtoto atulie.

Nyumba yao iko chini ya mawe makubwa. Nyuma kuna migomba, na chini ya mgomba mmoja shimo lilishachimbwa. Udongo wa pembeni ulikuwa umekauka na kupasuka. Niliuliza lilichimbwa lini. Wakasema Jumanne ya wiki iliyopita, tarehe ishirini na tano, Dokta alipokuwa amewapigia simu kwamba naja. Bibi alikaa kando ya shimo hilo siku mbili. Siku ya tatu akachukua chungu akaja yeye.

Eufrasia alitoka na mtoto mgongoni. Nilimtarajia mkali. Ni msichana mpole mwenye uso wa kuchoka. Akanipa kigoda. Nadhani ilibidi aniambie, maana hakuna aliyemuuliza.

"Wa kwanza alizaliwa mdogo sana, aliishi siku tisa. Wakaniambia ugonjwa ulijificha kwenye kondo, hauonekani. Huyu alipozaliwa nikasema basi wakaliangalie la kwake, wauone. Bibi alikataa. Nilimwambia watalirudisha, wameandika."

Mtoto akatoa mkono kwenye mbeleko akakishika kidole changu, kile chenye bandeji. Alikishika kwa nguvu isiyo ya umri wake, macho yametulia usoni mwangu. Nilijaribu kukitoa taratibu. Hakuachia. Ilibidi mama yake amfumbue kidole kimoja kimoja.

Dokta alisimama mbele ya wazee wa nyumba akainamisha kichwa, akasema kosa ni lake, maana yeye ndiye aliyetoa ahadi. Hakunitaja. Ningependa angenitaja.

Bibi Rhobi alilihamishia kondo ndani ya chungu kwa mikono, macho yamefumbwa, akipapasa kama anayechambua mchele gizani. Akafika mwisho. Akarudia. Akasimama.

"Halijatimia," alisema.

Dokta akasema kila kitu kipo, ameweka mwenyewe. Bibi alifumbua macho akatazama mfuko wa shati langu. Wote wakatazama. Sikuwa nimemwambia mtu. Naomi hajui. Niliingiza mkono nikatoa kioo kimoja, nilichokiweka kwa ajili ya kurudia jaribio, siku mambo yakipoa. Alikipokea, akakilaza juu ya vingine, kioo na vyote, akafunika. Udongo ulipoanza kuingia upepo ulikatika, majani ya migomba yote yakaning'inia. Mtoto hakulia. Nilisikia kila tonge la udongo likianguka.

Njiani kurudi Dokta aliniambia nimeondolewa kwenye kazi za sukari. Jumatatu nitaanza kuosha vyombo vya jengo lote, na barua inakwenda kwenye kamati ya chuo. Akasema kazi ya Prudence ni ya maana kwa sababu hiyo hasa: Namba Kumi na Nne ikifaulu, mkono wa kijidudu utasomwa kwenye sukari ya chupa, na hatutamwomba tena mama yeyote kondo la mwanawe.

Nililia kidogo, nyuma. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku mbili za kutafakari. Naomi amechoma nguo, paka wamepungua, kidole kimefunga. Nimemwambia kila kitu. Akaniwekea chai. Najiona mtu mwingine. Mtu aliyefunzwa.

Sasa. Nilikata vioo vitatu.

Kimoja kilikuwa kwenye hadubini, kimoja mfukoni. Cha tatu kilikuwa nyumbani, ndani ya jalada la daftari hili, tangu Jumatatu. Nilikiosha kwa B-1 kabla sijaondoka maabara, siku ile ile, nikakihifadhi kwa tahadhari. Bibi alisema halijatimia, akapewa kimoja, akaridhika. Hata bibi kama huyo hukosea hesabu.

Leo saa nne asubuhi Naomi alipokwenda sokoni nilikitoa. Nina hadubini ya zamani ya kufundishia. Nikakiweka, nikazungusha, nikatafuta.

Hakuna kitu. Maandishi yangu ya penseli yapo pembeni: Eufrasia, 31/3. Katikati, kioo kitupu. Si kwamba kimekauka, si kwamba kimevunjika. Nimekipitia kona kwa kona mara tatu. Kisafi kama kimetoka dukani. Daftari nisipoliandika huwa chini ya mto wangu.

Nilikaa nikakitazama mpaka nywele za shingo ziliposimama. Halafu zikalala, maana nikaelewa.

Ni B-1. Haikuufumbua mkono wa kijidudu tu. Imelifumbua kondo lenyewe kutoka kwenye kioo! Prudence hajawahi kuona jambo la namna hii, wala Dokta. Huu ni ugunduzi wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza, na hauna jina la mtu mwingine yeyote juu yake. Kosa langu lilikuwa kiasi. Safari hii nitatumia robo, na nitakishusha kioo cha kabati mpaka chini.

Funguo za stoo watazichukua Jumatatu. Leo bado ninazo. Chupa iko kwenye mafuta tangu saa saba, nyuzi hamsini na tano.

Kliniki ya Bunda hawajapata habari kwamba nimeondolewa. Nimewapigia simu. Wana mama anayetarajia kujifungua Jumatano, wa kwanza alimpoteza, na amekubali kusaini fomu ya kondo. Nimewaambia naja mwenyewe, na kwamba litarudi.